Metal Gear Solid V: nilipita bila kuonekana

Nimeicheza Metal Gear Solid V: The Phantom Pain hapa Lubumbashi, kwenye PS4 ya mtumba, ile mashine ya michezo ya video, na hakuna mchezo ulionifunza subira kama huu. Ulitoka mwaka 2015, lakini hadithi yake ni ya 1984: Afghanistan, kisha mpakani mwa Angola na Zaire. Zaire yetu! Nilipoliona jina hilo nilimwita mdogo wangu aje aone.

Utamu uko katika kujificha. Unalala majanini, unahesabu hatua za mlinzi, unarusha magazini tupu ya bunduki ili ageuke. Ukionekana, muda unapunguza mwendo kidogo upate kumnyamazisha. Mimi nimeizima hiyo, nataka kosa liwe kosa. Na maadui wanajifunza: ukiwalenga sana kichwani, wanaanza kuvaa helmeti.

Hadithi inaishia njiani, na hilo liliniuma.

Juzi, hatua chache kabla ya kumfikia mfungwa: "Yaya, lala! Lala!" Mdogo wangu amenishika goti. Tochi ya mlinzi ikapita karibu kabisa na kiatu changu. Umeme nao haukukatika. Nikambeba mfungwa hadi kwenye helikopta, na king'ora hakikulia hata mara moja.