Delpher: hazina ya bure, lakini jina unalotafuta lisikupotoshe

Anayetaka kufuatilia safari ya Herman Tjeenk Willink, mwanasheria na mwanasiasa wa PvdA, chama cha Leba cha Uholanzi, atapata mengi Delpher, hifadhi ya magazeti na vitabu inayosimamiwa na maktaba ya taifa ya Uholanzi. Haitozi senti.

Tatizo la kwanza ni jina lenyewe. Tjeenk Willink ni pia jina la kampuni ya zamani ya uchapishaji kule Zwolle, iliyotoa vitabu vingi vya sheria. Ukiandika jina hilo tupu, utazama kwenye matangazo ya vitabu. Andika "Herman Tjeenk Willink" ndani ya alama za nukuu, kisha jaribu tena na "H.D. Tjeenk Willink", halafu bana miaka: anzia 1982, alipopewa kazi ya kupanga upya utumishi wa serikali. Uspika wake wa Seneti (1991 hadi 1997) unaonekana kwa sehemu tu, kwani magazeti mengi hukomea katikati ya miaka ya 1990.

Maandishi ya kurasa zilizochakaa husomwa vibaya na kompyuta, "e" ikageuka "c", na neno lako lisionekane ng'o. Tafuta Willink peke yake.

Miaka yake karibu 15 kama makamu wa rais wa Raad van State, baraza linaloishauri serikali, 1997 hadi 2012? Hapo Delpher haifai kitu. Nenda officielebekendmakingen.nl, yenye hati za bunge; sura yake inachosha macho, ila yaliyomo ni ya kuaminika.