Uzoefu wangu: bonge la barafu la wauza samaki kwenye somo la jiografia, Moshi

Nafundisha jiografia sekondari hapa Moshi. Kila tukifika kwenye barafu inayoelea katika bahari za ncha za dunia, wanafunzi huandika "sehemu kubwa imezama" kwa kukariri tu. Safari hii nilitaka waione.

Muuzaji wa kwanza alinivunja moyo. Bonge lake lilikuwa halijashika katikati, likapasuka kabla halijafika darasani. Ndipo nikaelekezwa kwa mama mmoja anayewagandishia barafu wauza samaki. Yeye aliniuliza kwanza nalitaka la kazi gani, akasema nimpe siku mbili ligande hadi kwenye kiini. Saa mbili asubuhi akalileta mwenyewe kwa bajaji, kwenye kiroba chenye maranda ya mbao, amelikata mapande mawili mapana, kila moja unene wa sentimita 20. Nililipa shilingi 5,000 pamoja na nauli, na sijutii hata senti.

Pande moja tuliliweka kwenye beseni la maji ya bomba, la pili kwenye maji niliyotia chumvi gramu 35 kwa kila lita, kama bahari ilivyo kwa wastani. Kwenye maji ya bomba, sehemu iliyobaki juu haikufika sentimita 2. Kwenye chumvi ilizidi 2 kidogo. Binti ambaye huwa hanyooshi mkono ndiye aliyeshika rula, akarudia kupima mara tatu.

Barafu ya mama ni ya maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo inafanana na siwa barafu, yaani mapande yanayomeguka kwenye barafu ya nchi kavu kama ile ya Greenland. Barafu ya bahari yenyewe huganda kwenye nyuzi kama -1.8. Nikawaeleza kuwa hata kipande cha siwa barafu kinachochomoza juu ya maji kwa chini ya mita moja ni hatari kwa meli, maana mawimbi hukificha kisionekane kwenye rada.

Kilichowashangaza zaidi ni kwamba pande la kwenye chumvi lilichelewa kuyeyuka. Maji yaliyoyeyuka kutoka kwake hayana chumvi, na kwa kuwa ni mepesi, yalitanda juu yakabaki ya baridi kulizunguka.

Ukiagiza, sema mapema, na osha maranda kabla ya kupima. Yetu yalielea yakaficha alama ya maji. Muhula ujao nachukua mabonge mawili.