Hedifoni za bei ya juu: ipi itakufaa ukiwa Kampala

Ukishaamua kutoa laki saba, au hata milioni mbili, kwa hedifoni, swali la besi liache kwanza. Uliza sponji zikichanika utapata wapi nyingine, na waya ukikatika itakuwaje. Dhamana ya kitu ulicholetewa na shemeji kutoka Dubai haikusaidii sana hapa, kwa hiyo mpangilio wangu unaanza na sauti, lakini kitu kisichotengenezeka nakishusha chini bila huruma.

Namba moja naipa Sennheiser HD 600. Ziko sokoni tangu 1997 na bado mafundi wa studio wanazitumia, kwa sababu sauti ya mtu inasikika kama sauti ya mtu. Weka kadongo kamu, gitaa na mwimbaji tu, utasikia hadi kidole kikiteleza kwenye waya wa gitaa. Besi ya chini kabisa ni haba, na mpenzi wa dancehall atalalamika. Uzito ni kama gramu 260, na sponji zina kitambaa cha mahameli, hivyo masikio hayalowi jasho mchana. Zikiwa mpya hubana kichwa, kisha hulegea kadiri unavyozivaa. Raha yake kubwa ni kwamba waya unachomoka pande zote mbili, sponji zinabanduliwa kwa mkono, na karibu kila kipande kinauzwa peke yake. Sponji zikishabonyea badilisha, maana sikio likisogea karibu na spika sauti nayo hubadilika.

Kuna mawili ya kujua kabla hujalipa. Ukinzani wake, yaani jinsi zinavyougomea umeme, ni omu 300, na simu huziendesha kinyonge, kwa hiyo weka kwenye bajeti amplifaya ndogo ya kuchomeka USB. La pili, ziko wazi kwa nyuma. Kelele inaingia, na muziki wako unatoka. Kama unapakana na baa, au kanisa la mkesha lenye spika nje, utasikiliza vyote kwa pamoja.

Aliye katika hali hiyo (na ndio wengi wetu) achukue Beyerdynamic DT 770 Pro, toleo la omu 80. Hii ni kampuni ya Ujerumani iliyoanza 1924, na vitu vyake ni vigumu. Zimezibwa, besi ipo ya kutosha, mahameli pia yapo. Sauti za juu ni kali, na herufi "s" ya mwimbaji inaweza kukuchoma sikio. Waya wake hauchomoki, ila fundi yeyote wa redio anayejua kushika lehemu atauunga. DT 770 Pro X ya mwaka 2024 imeondoa tatizo hilo, waya wake unachomoka.

Tatu ni Sony WH-1000XM4, kwa wasafiri. Ndani ya basi la usiku la Kampala kwenda Nairobi, ule mngurumo wa injini usiokatika ndio hasa teknolojia ya kuzima kelele inaumudu, ingawa honi na kondakta utaendelea kuwasikia. Betri inadumu hadi saa 30, na umeme ukikosekana unachomeka waya na muziki unaendelea. Mimi nazipendelea kuliko XM5 ya 2022 kwa sababu moja ya kawaida: XM4 zinakunjika zikaingia mfukoni mwa begi, XM5 hazikunjiki. Ngozi bandia ya sponji itabanduka kwa jasho, hilo lihesabu mapema. Na kwenye boda usizivae. Gari la nyuma unatakiwa ulisikie.

Audeze LCD-X zinanichanganya. Kwa sauti pekee zingekuwa juu ya zote hapa, maana besi yake inashuka chini bila kuvurugika. Lakini zina uzito wa gramu 612. Shingo itakukumbusha kabla albamu ya pili haijaisha. Ni za kukaa kwenye kiti, nyumbani.

Za mwisho ni AirPods Max za Apple. Zimeundwa vizuri kwa alumini na sponji zake zinashikwa na sumaku, ila betri ikifa hata waya hauzifufui. Kwa pesa ile, mimi siwezi.

Hizo ndizo pia zinazoigwa sana kwenye maduka ya mjini. Bandua sponji ya kushoto usome namba ya utambulisho (serial number) iliyochapwa ndani, kisha uiangalie kwenye tovuti ya Apple hapo hapo dukani. Namba nayo hunakiliwa, kwa hiyo omba na mizani: za kweli zina gramu 385 hivi, na feki nyingi, kwa kuwa ni plastiki, ni nyepesi. Muuzaji akikataa kupima, toka.