TP-Link Archer T2U Plus: adapta ya Wi-Fi kwa kompyuta ya mezani isiyo na Wi-Fi

Kompyuta nyingi za mezani za mtumba, zile Dell OptiPlex na HP zilizotoka maofisini, hazina Wi-Fi ndani. Kwenye maduka ya vifaa utakutana na adapta mbili za USB za TP-Link: TL-WN725N, kidude kidogo kama ukucha, na Archer T2U Plus yenye antena ya kusimamisha. Kama ruta yako inatoa Wi-Fi ya masafa ya 5 GHz, yaani yale ya kasi zaidi kuliko 2.4 GHz ya kawaida, ongeza hela uchukue T2U Plus.

WN725N inashika 2.4 GHz tu. Boksi limeandikwa 150 Mbps, lakini kasi hiyo inahitaji chaneli (njia ya mawimbi ambayo ruta inatumia) yenye upana wa 40 MHz. Kwenye ghorofa ambako kila mlango una ruta, mara nyingi ruta hurudi 20 MHz, na hapo muunganisho unaishia 72 Mbps. Unapopakua faili hasa, tegemea nusu ya hapo. Kwa kifurushi cha 10 au 20 Mbps inatosha kabisa. Shida yake kubwa ni mahali inapokaa: ukiichomeka nyuma ya kompyuta, boksi zima la chuma linasimama kati yake na ruta.

T2U Plus ina antena ya 5 dBi (kipimo cha nguvu ya antena) na inafika 433 Mbps kwenye 5 GHz, 200 Mbps kwenye 2.4 GHz. Ila 5 GHz haipendi kuta. Kukiwa na kuta mbili za tofali katikati, unganisha kwa 2.4 GHz uachane na tamaa ya kasi. Na haina Bluetooth, ingawa wengi huinunua wakidhani inayo.

Kabla ya kuichomeka, pata draiva, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia adapta. Huna intaneti ya kuipakulia? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering (kugawa intaneti ya simu kupitia waya) kwenye mipangilio, na Windows 10 au 11 itaitumia simu kama kadi ya mtandao. Pakua draiva kutoka tovuti ya TP-Link ukilinganisha toleo na lile lililoandikwa kwenye stika ya adapta. Isakinishe, chomoa simu, chomeka adapta, kisha bofya alama ya mtandao chini kulia, chagua jina la Wi-Fi na uandike nywila.

Ukitaka kujua umepata nini, fungua Command Prompt uandike netsh wlan show interfaces. Itakuonyesha chaneli, asilimia ya mawimbi na kasi ya muunganisho. Chaneli 36 au zaidi maana yake uko 5 GHz.

Mtandao ukikatika kila kompyuta ikitulia, ingia Device Manager, fungua adapta, nenda Power Management na uondoe tiki inayoruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme. Ukiwa 2.4 GHz na mtandao unayumba kila unaponakili faili kwenye diski ya nje, lawama ni za USB 3.0, yenye tundu la buluu mara nyingi: hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Hamishia adapta tundu jeusi (USB 2.0) la mbali, au tumia waya wa USB wa kurefushia wa mita moja uipandishe juu ya meza. Waya huo ni wa bei ndogo, na unasaidia kuliko kubadilisha ruta.

Wi-Fi imeunganika lakini kila tovuti inalalamikia cheti cha usalama? Tazama saa ya kompyuta, maana cheti hukaguliwa kwa tarehe. Kwenye mashine za mtumba betri ya CR2032, ile ya duara ndani inayotunza saa, mara nyingi huwa imekufa, tarehe inarudi miaka nyuma.

Watumiaji wa Linux: chipu ni ya Realtek, RTL8811AU. Kerneli (kiini cha Linux) mpya, 6.14 ikiwemo, zina draiva ndani; kwa kerneli za zamani utaikusanya (compile) mwenyewe, na usipoisajili kwenye DKMS, mfumo unaoijenga upya kwa kila kerneli mpya, itavunjika kila kerneli ikisasishwa.