Altezza au Axio: kwa milima ya Mbeya, nunua lipi?

Kijana wa Mwanjelwa akishika hela ya gari la kwanza, macho hukimbilia Altezza. Namwelewa. Toyota hiyo ilitoka mwaka 1998, na ile RS200 ya gia za mkono ina injini ya lita 2.0 yenye nguvu farasi 210, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Ukipanda nayo kutoka Tukuyu kuelekea Isyonje, redio utaizima mwenyewe.

Hata hivyo, kati ya magari manne ya hapa, naiweka ya tatu.

Ya kwanza ni Axio ya lita 1.5, iliyoanza 2006. Ina farasi 110 hivi tu, na Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi huipunguzia nguvu injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa. Pakia watu watano upande mlima wa kwenda Chunya, utaisikia ikilalamika. Lakini injini yake ya 1NZ ndiyo ile ya IST za lita 1.5, kwa hiyo spea zipo na fundi haji kujifunzia kwako. Taimingi ni cheni, si mkanda wa kubadilishwa kadiri kilomita zinavyopanda. Oili ya giaboksi tu usiibahatishie: CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, ina yake.

Ya pili, Premio. Pana, tulivu, nzuri kwa safari ya Iringa. Zile za 1.8 za kabla ya 2007, zenye injini ya 1ZZ, zikichoka hunywa oili kama maji.

Sasa Altezza. Taimingi yake ni mkanda, na kipima kilomita cha gari la mtumba hakiapi mahakamani. Ukilinunua, badilisha mkanda kwanza, rimu baadaye. Lililokatwa springi lisikuingie moyoni, matuta ya barabara kuu yatalikwangua tumbo. Mvua za Rungwe nazo zinataka mguu mwepesi, maana nyuma huteleza.

Mazda Roadster ya 1989, yenye taa za kunyanyuka, ni ya mwisho. Nzuri kuliko zote hapa. Ila viti ni viwili, na gunia la viazi utalikalisha wapi?

Lolote utakalochagua, nenda kulitazama alfajiri ya baridi ya Juni au Julai, injini ikiwa imepoa, bila kumpigia muuzaji mapema. Gusa boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, muulize alikuwa anaipashia nini.