Kituo cha soka cha watoto Mbeya: ada ni elfu 30, mengine utayakuta ndani

Wazazi wenzangu pale Mwanjelwa wameniuliza sana kuhusu kituo cha soka anachochezea binti yangu, hasa wakimwona anapita gengeni na begi la mazoezi mgongoni. Naandika hapa nisije nikarudia maneno yale yale kwa kila mteja. Jina la kituo silitaji, maana nina ya kusifia na nina ya kulalamikia, na mtoto bado yuko pale. Mwenye mtoto pale atakitambua mwenyewe.

Mimi nauza mchele, wa Kyela na wa Mbarali, kwa hiyo kilichoingia na kilichotoka nakiandika daftarini hata kama ni mia tano. Binti ana miaka 12, yuko darasa la sita, anacheza winga ya kushoto. Alianza kwa kufuata kaka zake, halafu kaka zake wakaacha, yeye akabaki.

Tuanze na karatasi wanayokupa siku ya kwanza. Fomu 10,000, ada 30,000 kwa mwezi, unalipa kwa simu na risiti unapewa siku hiyo hiyo. Hapo hawana ujanja, na mwezi wa Desemba walipofunga hawakudai kitu. Ukiishia kwenye karatasi hiyo utasema mbona nafuu, hata tuisheni ya hesabu inakaribia huko. Baada ya hapo vinakuja kimoja kimoja. Jezi seti mbili 50,000. Vikinga ugoko na soksi ndefu 12,000. Traksuti 45,000, ambayo unaambiwa ni hiari, kisha wiki ya safari inageuka lazima. Na traksuti yenyewe ni kitambaa chepesi cha kung'aa. Aliyeichagua hajawahi kusimama uwanjani Mbeya saa moja asubuhi mwezi wa Juni. Wangu namvalisha sweta ndani yake.

Njumu nitazisema kwa kirefu kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapigwa. Zile mpya za madukani za 40,000 mpaka 50,000 nyingi zimeshikwa na gundi tupu. Mvua za Novemba zikianza na uwanja ukageuka tope, pua ya kiatu inaachama ndani ya mwezi. Nenda Mwanjelwa kwenye mitumba, asubuhi belo likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Shika njumu, ikunje soli katikati. Ukisikia inalia kama inakatika, rudisha. Geuza utazame meno ya chini. Yakiwa yameisha upande mmoja tu, aliyeivaa mwanzo alikuwa anatembelea sementi, na mguu wa mwanao utalala upande huo huo. Ukipata nzuri kwa 25,000, usimpe mtoto siku hiyo. Ipeleke kwa fundi viatu aizungushie uzi wa nailoni soli nzima, 4,000, ndipo avae. Jozi ya kwanza ya binti ilinunuliwa na babu yake, mzee wa Tukuyu ambaye mpaka leo akikaa na wenzake anawasimulia ubingwa wa Tukuyu Stars wa 1986 kana kwamba kombe liko kabatini kwake. Kwa mpira, mzee huyo hana ubahili.

Shida ni kwamba mguu wa mtoto haungoji njumu iishe. Kwa hilo nawapa kituo sifa yao kamili: kwenye stoo ya vifaa kuna viroba vya njumu zilizowabana wenyewe. Mtoto akikua anazileta, anaondoka na zinazomtosha, hakuna hela inayotoka. Mtunza vifaa anaandika kwenye daftari nani kaleta namba ngapi na nani kachukua namba ngapi, na ukileta zina tope anakurudisha nazo nyumbani. Njumu anazovaa binti sasa zimetoka humo. Kiroba kimoja kimetoka kwangu, maandishi ya mchele bado yanasomeka.

Sasa kocha. Huyu peke yake ningempa nyota tano. Ana leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la soka Afrika, na siku niliyoiulizia hakukasirika, aliitoa akaniwekea mezani. Mazoezi yake kila mtoto ana mpira mguuni, hakuna watoto 20 waliopanga foleni wakisubiri kupiga mmoja mmoja. Wazazi wanaopiga kelele anawahamishia upande wa pili wa uwanja, na mimi nimewahi kuhamishwa. Kilichonifanya nimwamini hasa ni kikao cha wazazi ambapo baba mmoja aliuliza lini watoto wataanza kupelekwa Ulaya. Kocha alimjibu mbele yetu wote: "Mzee wangu, chini ya miaka 18 kanuni ya FIFA inakataza kumhamishia mchezaji klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kama mzazi mwenyewe kahama kwa shughuli zake zisizo za mpira. Akija mtu kukudai hela ya pasipoti na majaribio ya mtoto wa miaka 13, mpigie simu polisi, mimi usinipigie." Kuna vituo vinaishi kwa kuuza ndoto hiyo, na yeye aliizima bure.

Cheti cha kuzaliwa tayarisha mapema, bila hicho mtoto hasajiliwi kwenye mashindano ya umri. Sisi wa Mbeya tulibahatika, mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ile ya mwanzo kupata mpango wa RITA, wakala wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa, wa kusajili watoto chini ya miaka mitano bila malipo, 2013, kwa hiyo wengi wa rika la binti yangu wana vyeti. Ambaye hakuchukua wakati ule, aanze kufuatilia leo.

Gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye karatasi yao, na siwalaumu kwa hilo, ila hakuna aliyeniambia. Mazoezi ni jioni tatu kwa wiki, saa kumi mpaka saa kumi na mbili, pamoja na Jumamosi asubuhi. Saa hizo za jioni ndizo za mchele. Watu wametoka kazini, anapitia gengeni anachukua kilo mbili, kilo tatu za usiku. Na mtoto wa kike wa miaka 12 simwachi arudi peke yake giza linaingia. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, sawa, lakini konda wa jioni akiona sare anafunga mlango. Basi inabidi niende. Mdogo wangu ananishikia genge, nampa 5,000 kila jioni, naye ana maisha yake. Piga hesabu: jioni 12 kwa mwezi ni 60,000. Ni ada mara mbili, na hapo sijahesabu wateja wanaotaka kukopa ambao mdogo wangu hawajui, wanahamia genge la pili. Kama una ndugu wa kumfuata mtoto bure, au unakaa karibu na uwanja, kituo hiki kwako ni rahisi kuliko kwangu. Tatizo ni ofisi yao. Mvua ikinyesha mazoezi yanaahirishwa, na ujumbe kwenye kundi la WhatsApp unaingia wazazi tumeshafika na tumeshalowa. Loleza, mlima wetu, ikishajifunika wingu jeusi saa nane mchana, mji mzima unajua kinachokuja. Ofisi yao ndiyo haijui.

Safari ndiyo iliyoniudhi zaidi. Likizo ya katikati ya mwaka tulitangaziwa mashindano Iringa, mchango 90,000 kwa mtoto, tangazo limetoka wiki moja kabla. Watoto 22. Hiyo ni 1,980,000. Mimi ni mfanyabiashara, Coaster ya kukodi kwenda Iringa na kurudi naijua bei yake, wali maharage wa watoto 22 naujua kuliko wao, na malazi yalikuwa madarasa ya shule, magodoro chini. Nilivyojumlisha haikufika hapo hata nilipoongeza mafuta na posho za walimu. Niliomba mchanganuo kwa adabu. "Utaletewa, mama." Mpaka naandika hivi sijauona. Na mimi mwenyewe niliwafuata kwa basi kwa hela yangu, kwa kuwa kwenye orodha ya walimu wanaosafiri hakukuwa na mwanamke hata mmoja, wakati watoto wa kike walikuwa saba. Usiku wasichana nililala nao mimi na mama mwingine wa Ilomba. Wangetuambia mapema kwamba tunaenda kuwa matroni, angalau wangetupunguzia mchango.

Mpira wenyewe watoto walicheza vizuri, walitolewa nusu fainali kwa penalti. Binti alifunga goli moja la kichwa, naye ni mfupi kuliko wote.

Kuhusu kuumia, jua kwamba matibabu ni juu yako. Kuna sanduku la huduma ya kwanza uwanjani, lina bandeji, dawa ya kupuliza na barafu siku wakikumbuka. Kifundo cha mguu kilipovimba, picha na dawa nililipia mwenyewe. Zamani nilikuwa na Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto, 50,400 kwa mwaka, nikawa sina wasiwasi. Iliposimamishwa 2023 wengi tulibaki hivi hivi. Kituo chenye watoto wengi namna hii kingeweza kuwatafutia bima ya pamoja. Nimelisema kikaoni, likaandikwa kwenye muhtasari.

Na kwenye fomu ya mwaka wa pili wameongeza kifungu. Kiko ukurasa wa mwisho, maandishi madogo: mzazi anakubali kituo kiwe msimamizi pekee wa mchezaji na kipate nusu ya mapato yake ya soka ya baadaye. Nusu! Nilimwonesha kocha, akasema hajakiandika yeye, akanieleza kwamba klabu zinazomlea mchezaji zina fungu lao tayari: mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya pesa ya uhamisho inagawiwa klabu zilizomfundisha kati ya miaka 12 na 23. Inatoka kwenye pesa ya klabu inayonunua, haiingii mfukoni kwa mtoto. Nilikipiga mstari wa kalamu kifungu kile, nikasaini pembeni, nikairudisha fomu. Waliipokea bila neno. Nawe fanya hivyo hivyo.

Ukiniuliza kama ningemwandikisha tena, ndiyo. Mji huu unapenda mpira, tuliiona Mbeya City ikimaliza ya tatu kwenye msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, Sokoine pakajaa mpaka juu ya miti, lakini wakati ule hakuna aliyewaza mtoto wa kike. Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, walipoifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la umri huo kule India, 2022, ndipo hata baba wa binti yangu aliacha kuuliza "kwani netiboli ina nini?" Maendeleo yake nayaona: mguu wa kulia uliokuwa wa kusimamia tu sasa unapiga pasi, na shuleni ameshachaguliwa timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ambako nako kuna michango yake, lakini hiyo ni habari nyingine. Mwakani ni darasa la saba. Tumekubaliana na kocha kuanzia Juni atapunguza jioni mbili mpaka amalize mtihani, na ada ya miezi hiyo wamekubali nusu. Hilo niliwaomba kwa maandishi, nanyi ombeni kwa maandishi.

Nyota: kocha tano, vifaa nne, ofisi moja na nusu, safari moja. Wastani wekeni wenyewe.

Kwa wenye mabinti, kabla hujalipa fomu omba uoneshwe mahali wanapobadilishia nguo. Sasa hivi wasichana wanabadilisha wakiwa wamezungushiwa khanga na wenzao nyuma ya darasa la shule wanakofanyia mazoezi, na choo cha shule jioni kinafungwa, ufunguo anao mlinzi ambaye siku nyingine hayupo. Tumeshaongea na mwalimu mkuu wa shule, amekubali ufunguo wa pili ukae kwa mtunza vifaa. Kuchonga ni 3,000, hela nimetoa, nasubiri ofisi iupeleke kwa fundi.