Treni ya SGR hadi Dodoma, kisha michoro ya Kolo: safari hii inafaa?

Habari zenu watazamaji, karibuni tena hapa Dodoma. Leo ninachambua safari nzima: unatoka Dar kwa SGR, unashuka Dodoma, unapandisha mpaka kwenye michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa. Wengi mnaniuliza habari za treni tu, na treni ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Basi tuimalize. Tangu Julai 2024 SGR inafika Dodoma, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na safari ni kama saa tatu na nusu. Kata tiketi mtandaoni mapema, hasa Bunge likiwa na vikao, na usisahau kitambulisho. Ukishapita Morogoro weka simu mfukoni, maana kule Kilosa mnaingia kwenye mahandaki, halafu milima inafunguka. Pazuri mno!

Sasa, mipango huharibikia Dodoma. Mtu anashuka mchana, anataka aione Kolo na jioni awe amerudi. Haiwezekani, ndugu yangu. Kondoa mjini ni kilomita kama 160, na Kolo iko mbele zaidi, njia ya Babati. Lami ipo, mabasi ya Babati yanapita. Ila ukiiacha barabara kuu ni vumbi na mawe, gari la chini litateseka, na mwisho unapanda kwa miguu. Lala Kondoa, alfajiri ushike njia kabla jua halijachachamaa.

Anzia ofisi ya michoro pale Kolo, ulipe, upewe mwongozaji. Huyo usimkwepe hata kidogo. Miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, imetawanyika kwenye kingo za Bonde la Ufa, na jicho geni linaweza kupita mbele ya mchoro lisiuone. Akikuonyesha tu, wanajitokeza: watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, pofu, kwa ule wekundu wa udongo. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni kwamba wenyeji bado wanapanda Mungumi wa Kolo, mmojawapo wa miamba hiyo yenye michoro, kufanya matambiko, kuomba mvua na uponyaji. Unaingia mahali pa ibada pa watu. Usiguse mchoro, na kamwe usiumwagie maji ili picha itoke vizuri. Rangi hiyo ikiondoka hairudi.

Uamuzi wangu: nunueni safari hii, ila itengeeni siku tatu, na njooni kati ya Juni na Oktoba, njia ikiwa kavu. Mkija na wazee wenye shida ya magoti, mwambieni mwongozaji mapema awachagulie miamba isiyo na mpando mkali. Mungumi waachieni vijana.